Mantiki ya Imani Potofu: Uhakiki wa The Three Christs of Ypsilanti

1.0 Utangulizi

Katika tiba ya akili, imani potofu hufafanuliwa kuwa imani isiyoyumba hata mwenye nayo anapooneshwa ushahidi unaoipinga. Fasili hiyo inaeleza matokeo tu. Haielezi mtu huyo anaufanyia nini ushahidi unapowekwa mbele yake. Swali hilo la pili ndilo linalokipa umuhimu kitabu cha mwanasaikolojia Milton Rokeach, The Three Christs of Ypsilanti, kilichochapishwa mwaka 1964. Makala haya yanadai kwamba data iliyomo kitabuni ina thamani kuliko matarajio yaliyokizaa, na kwamba mbinu iliyotumika haifai kuigwa.

2.0 Hoja za Wagonjwa

Mwaka 1959 Rokeach aliwakutanisha wagonjwa watatu katika hospitali ya akili ya Ypsilanti, Michigan, Marekani. Kila mmoja aliamini kuwa yeye ndiye Kristo. Kitabuni wamepewa majina ya Clyde, Joseph na Leon. Matarajio yalikuwa kwamba, kwa kuwa nafasi ni moja na wanaoidai ni watatu, mgongano huo ungewalazimisha kubadili imani. Kwa takriban miaka 2 waliishi, wakala na kufanya kazi pamoja. Hakuna aliyepona.

Walichofanya ni kutoa maelezo. Clyde alisema kuwa wenzake si watu hai, bali mashine zilizomo ndani yao ndizo zinazosema. Joseph alisema kuwa wenzake ni wagonjwa wa akili, na ithibati ni kwamba wamo hospitalini. Leon aliwakubalia uungu fulani, lakini uliokuwa mtupu na wa chini kuliko wake. Hoja ya Joseph ndiyo yenye mafunzo zaidi. Kanuni anayoitumia ni ya kawaida, na wengi wenye akili timamu wangeikubali. Kasoro ni kwamba haielekezi kwake mwenyewe. Nyani haoni kundule, na methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya wagonjwa.

Utafiti wa Huq, Garety na Hemsley wa mwaka 1988 unakamilisha picha hii. Washiriki walioneshwa shanga moja moja kutoka katika chombo chenye shanga 85 za rangi moja na 15 za nyingine, au kinyume chake, wakatakiwa kubaini ni chombo kipi. Wenye imani potofu waliamua baada ya kuona shanga chache zaidi. Jaribio hilo linadokeza namna imani inavyoingia haraka. Kitabu cha Rokeach kinaonesha inavyolindwa ikishaingia.

3.0 Udhaifu wa Mbinu

Rokeach alipoona mgongano hauzai matunda, alimwandikia Leon barua zilizodaiwa kutoka kwa mke ambaye hakuwapo ila katika imani ya Leon. Joseph naye alipokea barua za kughushi kwa jina la mkuu wa hospitali. Leon aliyatii baadhi ya maelekezo, na hatimaye akazikataa barua hizo. Hapa uhakiki unapaswa kusema wazi: ushahidi ulikuwa wa uongo, na aliyeukataa alifikiri vyema kuliko aliyeutunga. Katika toleo la 1981 Rokeach mwenyewe alikiri kuwa hakuwa na haki ya kuyaingilia maisha yao kiasi hicho.

4.0 Hitimisho

Kwa watunga sera, somo la kwanza ni la istilahi. Katika Kiswahili, “imani potofu” hutumika pia kwa uvumi kuhusu chanjo na kwa ushirikina, mambo ambayo hukabiliwa kwa elimu kwa umma. Mwongozo wa afya usiotenganisha maana hizo utamfanya mhudumu adhani kuwa mgonjwa amekosa taarifa. Watatu wa Ypsilanti hawakukosa taarifa. Walikaa nayo meza moja kila siku. Somo la pili ni la mafunzo: kabla ya kumpinga mgonjwa, mhudumu amuulize imani yake inasimama juu ya nini, na ayasikilize majibu kama hoja.