Istilahi Isiyopita Mizani

Katika tafsiri moja ya mafunzo ya hisabati iliyotufikia, tumekutana na istilahi "badiliko la sehemu". Imekusudiwa kutaja kima cha badiliko la kiasi kinachotegemea vigeu viwili au zaidi, kigeu kimoja kinaposogezwa na vingine vimetulizwa. Mtafsiri amelifuata neno la Kiingereza nyayo kwa nyayo, nalo limempoteza. Msomaji wa Kiswahili atadhani kwamba badiliko limekatwa kipande, kumbe hakuna kilichokatwa. Jambo la kujua ni kipi kimetulizwa, na hilo istilahi imelinyamazia.

Upungufu huu si mdogo. Tuchukue mfano wa Tunduma. Malori yatokayo mji huo kwenda Dar es Salaam hupimwa kwenye mizani ya Mpemba. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania mwezi Machi 2019, hairuhusu uzito wa gari pamoja na shehena kuzidi tani 56. Tuseme kwamba, kwa kadiri hiyo, lori fulani laweza kuchukua tani 28 za mahindi na maharage. Ujira wa tani ya mahindi ni shilingi 60,000, na wa maharage ni shilingi 80,000. Maharage yakitulizwa, kila tani ya mahindi inayoongezwa huzidisha mapato kwa shilingi 60,000. Lakini lori likiwa limekwisha kujaa, maharage hayawezi kutulia: tani ya mahindi ikipakiwa, tani ya maharage hushushwa, na mapato hupungua kwa shilingi 20,000. Swali ni lile lile. Jibu la kwanza ni faida, la pili ni hasara. "Badiliko la sehemu" halimwambii mwenye lori ni lipi limhusulo.

Hata alama haitoshi. Alama ∂, aliyoitumia Legendre mwaka 1786 na Jacobi akaishika tena mwaka 1841, haisemi peke yake kipi kimetulizwa. Ndiyo maana wataalamu wa fizikia ya joto huandika kando yake herufi ya kile kilichotulizwa.

Tafsiri hiyo imeita kikomo cha uzito "kizuizi". Hapa pia hatukubaliani nayo. Kizuizi husimamisha, lakini kikomo hiki chaacha mahindi na maharage yabadilike, mradi jumla isizidi. Neno "sharti" lafaa zaidi.

Kwa hiyo twapendekeza "kima cha badiliko pekee" pale vigeu vingine vinapotulizwa, na "kima cha badiliko chini ya sharti" pale vinapofungamana. Na katika kila sentensi, mtafsiri ataje kilichotulizwa. Istilahi hizi ni ndefu kidogo, lakini urefu ni afadhali kuliko kumpotosha mwanafunzi. Walimu watakaozijaribu darasani tunawaomba watuletee maoni yao.