Waipa na Swichi Zake Mbili

Wapo wafasiri wapendao kuiita swichi "kiwashio". Sisi hatuafikiani nao, na ushahidi wetu ni waipa ya gari.

Mota ya waipa huongozwa na swichi mbili. Ya kwanza hushikwa na dereva. Ya pili imo ndani ya mota: dereva akisha kuzima, hiyo huendelea kupitisha umeme mpaka mikono ya waipa ilale chini ya kioo, ndipo ikate. Kazi yake huonekana baada ya kuzima; basi itaitwaje "kiwashio"? Mwanafunzi wa ufundi huko Bugene, wilayani Karagwe, akiambiwa "peleka umeme kwenye kiwashio", atapeleka kwenye kipi? Akiusahau waya wa swichi ya ndani, waipa zitasimama popote zilipozimwa, pengine mbele ya macho ya dereva.

"Kifutio" nacho tukiache kwa mwalimu na ubao wake. Tunapendekeza "waipa", "swichi ya dereva" na "swichi ya kurejesha". Neno la kwanza mafundi wanalo tayari. Hayo mengine mawili ni wajibu wetu kuwapatia.