Hongera, walimu wa Musaga

Tangu 2013, shule ya msingi Burundi ni ya miaka 9, na katika madarasa ya juu masomo hupangwa kwa nyanja: sayansi na teknolojia husomwa pamoja. Waliobeba mageuzi hayo mabegani ni walimu, wa mtaa wa Musaga, Bujumbura, wakiwemo. Nawavulia kofia. Kwa mpangilio huo, ndagala (dagaa) wa Ziwa Tanganyika wanatosha kuzaa somo la viumbe, hesabu ya bei sokoni na jiografia ya nchi nne zinazochangia maji hayo. Halafu Kirundi, Kifaransa, Kiingereza, Kiswahili, vyote kwa mtoto mmoja! Mzigo, ndiyo, lakini ndio unaomwezesha kuandikiana na wenzake wa Kigoma na Uvira. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo hushindanisha insha za wanafunzi wa sekondari; wa Musaga wakifika huko, wajitokeze.