Bega linalouma usiku: ugonjwa uliodhaniwa nadra ulivyohesabiwa upya

Kwa miongo mingi vitabu vya tiba vilifundisha kwamba kuvimba kwa neva za bega na mkono huwapata watu 2 au 3 katika kila 100,000 kwa mwaka. Daktari wa kawaida angeweza kustaafu bila kumwona hata mgonjwa mmoja, na asiyetarajia ugonjwa hautafuti. Mwaka 2012 timu ya wataalamu wa neva wa Nijmegen, Uholanzi, iliamua kuhesabu upya, na naona namna walivyohesabu ina uzito kuliko idadi waliyoipata.

Hawakuanzia hospitali ya rufaa. Walichukua vituo viwili vya madaktari wa familia vinavyohudumia watu 14,118, wakawapa madaktari hao mafunzo mafupi, kisha wakaandikisha kila aliyekuja na tatizo jipya la shingo, bega au mkono. Walipatikana 492. Kati yao 34 walishukiwa, wakapelekwa kwa wataalamu wa neva, na 14 wakathibitishwa. Hesabu ni nyepesi: karibu mtu 1 katika kila 1,000 kwa mwaka, yaani mara 30 hadi 50 zaidi ya ilivyoaminiwa. Bila shaka 14 ni wachache, na vituo viwili si dunia nzima. Lakini hata ukiigawa idadi hiyo kwa kumi, bado vitabu vilikosea sana.

Mafunzo mafupi yalitosha kwa sababu ugonjwa wenyewe una mpangilio wake, uliokwisha kuelezwa mwaka 1948 na Waingereza wawili, Parsonage na Turner, baada ya kukusanya wagonjwa 136. Maumivu makali huanza ghafla, mara nyingi usiku, na dawa za kawaida za maumivu hazifui dafu. Baada ya siku kadhaa au wiki chache maumivu hupungua, na hapo ndipo mkono unapolegea na misuli kuanza kusinyaa. Mfuatano huo ndio ufunguo. Bega lililokakamaa huuma pia, lakini halisogei hata daktari akilisukuma mwenyewe; hapa kiungo kinasogea vizuri, nguvu ndiyo haipo. Diski ya shingo ikibana neva, kwa kawaida huathiri misuli ya mzizi mmoja, ilhali ugonjwa huu huruka: neva moja imeathirika, jirani yake salama.

Ndiyo maana mgonjwa lazima avue shati. Anaegemea ukuta kwa viganja na kusukuma, daktari amesimama nyuma yake. Kombe la bega likichomoza kama bawa, neva ya msuli unaolishikilia kwenye mbavu imeguswa. Kisha anaombwa kuunganisha ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada kufanya duara. Duara likibonyea na vidole kugusana kwa bapa, neva ya ndani ya kigasha nayo imo. Vipimo hivi havihitaji umeme wala bajeti, na zahanati yoyote ya Afrika Mashariki inaweza kuvifanya leo. Huku kwetu ningeongeza kimoja: kupapasa neva nyuma ya kiwiko na kutafuta mabaka yenye ganzi, kwa kuwa ukoma nao huvimbisha neva za mkono na una tiba yake.

Kipimo cha umeme wa misuli kina saa yake. Kikifanywa katika wiki ya kwanza kinaweza kuonyesha kila kitu shwari, kwa sababu dalili za msuli uliopoteza neva huchukua takriban wiki 3 kujitokeza. Mgonjwa akiambiwa mapema mno kwamba hana tatizo, anarudi nyumbani na jibu la uongo lenye muhuri.

Upande wa tiba, ukweli ni mchungu. Madaktari wa Uholanzi hutoa prednisoloni miligramu 60 kwa siku kwa wiki moja, kisha hupunguza dozi wiki inayofuata. Waliotibiwa mapema hivyo walipata nafuu ya maumivu haraka kuliko wagonjwa wa zamani ambao hawakuipata dawa, lakini kulinganisha na wagonjwa wa zamani si sawa na jaribio ambalo wagonjwa hugawanywa kwa kura. Mimi naiona dawa hiyo kuwa na maana siku za mwanzo tu, na kwanza uhakikishe mgonjwa hana kisukari kisichodhibitiwa wala kifua kikuu. Kuna pia ugonjwa mwingine wa neva za mkono, unaoleta udhaifu bila maumivu, ambao steroidi huweza kuuzidisha. Huo hutibiwa kwa kingamwili za kuchoma kwenye mshipa.

Kinachoniudhi zaidi ni mazoezi. Mgonjwa hupewa vyuma na kuambiwa ajikaze, wakati neva inakua takriban milimita 1 tu kwa siku, na misuli michache iliyosalia inabeba kazi ya yote. Inachoka, inauma, naye anaonekana mvivu. Wagonjwa 246 walioelezwa na timu hiyo hiyo mwaka 2006 walionyesha kwamba tatizo haliishi upesi: kati ya waliofuatiliwa miaka 3 au zaidi, takriban theluthi mbili walikuwa bado na maumivu na udhaifu. Mtaalamu wa mazoezi tiba anayeujua ugonjwa huanza na namna kombe la bega linavyotembea, kazi zikigawanywa kwa vipindi vifupi vyenye mapumziko. Vyuma husubiri mpaka misuli iliyolala ianze kuitikia.