Soma Mstari wa Mafuta Kabla ya Farasi

Mtu akirudi kutoka kupima pikapu yake kwenye dainamomita, wenzake humuuliza jambo moja tu: imetoa farasi ngapi? Kwa maoni yangu swali hilo huulizwa mapema mno. Karatasi ya vipimo ina mistari kadhaa, na mstari wa farasi ndio ulio rahisi kupindishwa kuliko yote. Wa kusomwa kwanza ni ule mwembamba ulio chini ya karatasi, unaoonyesha uwiano wa hewa na mafuta. Huo ndio unaosema kama injini itaishi.

Nitalieleza hilo kwa gari moja ambalo mafundi wa Marekani wamelichezea kwa miaka mingi mpaka tabia zake zikajulikana: Ford F-150 SVT Lightning ya kizazi cha pili, iliyoundwa Oakville, Kanada, kati ya 1999 na 2004. Sizungumzii Lightning ya umeme ya miaka ya karibuni. Hii ni pikapu ya petroli yenye injini ya V8 ya lita 5.4 na supachaja ya Eaton M112, inayosukuma takriban lita 1.8 za hewa kila inapozunguka mara moja. Kuanzia 2001 kiwanda kiliitangaza kuwa na farasi 380 kwenye mizunguko 4,750 kwa dakika, na msokoto wa Nm 610 kwenye mizunguko 3,250.

Marekebisho yaliyopendwa zaidi yalikuwa ya bei nafuu: kubadilisha puli. Ukifunga puli kubwa zaidi kwenye krenki, supachaja inazunguka kasi zaidi na kuingiza hewa zaidi. Kiwandani supachaja hiyo iliongeza presha ya psi 8 hivi juu ya presha ya angahewa, na puli iliyozoeleka iliongeza nyingine 4. Hapo ndipo kalamu inapohitajika kabla ya spana. Presha ya angahewa pwani ni psi 14.7. Ongeza 8 upate 22.7, ongeza 12 upate 26.7. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, utaona hewa imeongezeka kwa karibu asilimia 18, hiyo ikiwa joto halijala chochote. Farasi 380 zikiongezwa kwa kiwango hicho zinafika 445 hivi, na huo ndio upeo wa matumaini, kwa sababu supachaja inayozunguka kasi zaidi hupasha hewa moto na pia huila nguvu ya injini kupitia mkanda.

Hewa ikiongezeka, mafuta lazima yaifuate. Injini ya petroli yenye supachaja hutumia takriban kilo 0.27 za mafuta kwa kila farasi kwa saa. Injekta za Lightning zinaweza kutoa kilo 19 kwa saa kila moja, nazo ziko nane, jumla kilo 152 zikiwa wazi muda wote. Kwa farasi 380 injini inahitaji kilo 103, yaani injekta zinafunguka karibu asilimia 68 ya muda wao. Kwa farasi 445 inahitaji kilo 120, ambayo ni asilimia 79. Kwa farasi 500 ni asilimia 89, na hapo fundi makini ameshasema hapana, kwani desturi ni kubakiza akiba ya asilimia 15. Kwa hiyo puli ya kwanza inabebeka na injekta za kiwandani, lakini anayetaka zaidi ya hapo anunue injekta na pampu kwanza, puli baadaye. Wengi walifanya kinyume, na walilipia kwa pistoni.

Sasa gari lipande kwenye rola ya dainamomita. Linafungwa kwa mikanda minne au zaidi, feni kubwa inawekwa mbele ya rejeta, na sensa ya lambda ya masafa mapana inachomekwa kwenye eksozi. Sensa ya oksijeni iliyokuja na gari haitoshi kwa kazi hii. Inajua tu kama mchanganyiko uko juu au chini ya 14.7 za hewa kwa 1 ya mafuta. Haijui ni kwa kiasi gani, na pedeli ikikanyagwa hadi mwisho kompyuta ya gari haiisikilizi tena. Kipimo kinafanywa kwenye gia ya tatu, kwa sababu katika gia boksi hiyo ya gia nne ndiyo inayopitisha mzunguko wa injini moja kwa moja bila kuupunguza wala kuuongeza. Kwa difu ya 3.73 na tairi za 295/45 za inchi 18, injini ikifika mizunguko 5,200 matairi ya nyuma yanakuwa yanazunguka kwa kasi ya kilomita 190 kwa saa, na gari limesimama pale pale. Mikanda na hali ya tairi vikaguliwe kabla ya kila mpigo, yaani kila kipimo cha pedeli hadi mwisho.

Rola yenyewe haipimi farasi. Dainamomita ya aina ya Dynojet ina pipa la chuma ambalo uzito wake unajulikana. Kompyuta inaangalia pipa hilo linaongeza kasi haraka kiasi gani, inapata nguvu, kisha inaigawa kwa mizunguko ya injini ili kupata msokoto. Dainamomita za kampuni ya Mustang huongeza breki ya sumaku inayoibebesha injini mzigo, na mara nyingi husoma chini zaidi kwa gari lile lile. Kwa hiyo anayejigamba kwa namba aseme pia ameipata kwenye mashine gani. Na namba hiyo ni ya matairi. Difu, shafti na gia boksi huwa zimeshachukua asilimia 15 hivi au zaidi, ndiyo maana Lightning isiyoguswa yenye farasi 380 kwenye krenki husoma 320 na ushee kwenye rola bila kuwa na ubovu wowote.

Baada ya mpigo wa kwanza fundi anayejua kazi anaruka mstari wa farasi. Anatazama sehemu mbili za mstari wa mafuta. Ya kwanza iko karibu na mizunguko 3,250, pale msokoto unapokuwa mkubwa kuliko kote, na ambapo injini huwa na hatari kubwa ya kugonga, yaani mchanganyiko kujilipukia wenyewe ndani ya silinda. Ya pili ni mwisho wa mpigo. Huko juu Lightning yenye puli kubwa ina ugonjwa unaojulikana: sensa ya hewa, ambayo husema na kompyuta kwa volti kati ya 0 na 5, inafika mwisho wa kipimo chake. Hewa inaendelea kuongezeka lakini volti haipandi tena. Kompyuta inaamini hewa imebaki ile ile, inatoa mafuta yale yale, na mstari unaanza kupanda polepole kuelekea upungufu wa mafuta wakati presha iko juu kabisa.

Tiba yake ni hesabu. Tuseme kompyuta imeagizwa itoe lambda 0.80, yaani hewa 11.8 kwa mafuta 1, lakini kwenye mizunguko 4,800 sensa ya eksozi inasoma 0.86, ambayo ni 12.6. Gawanya 0.86 kwa 0.80 upate 1.075. Maana yake kompyuta imehesabu hewa pungufu kwa asilimia saba na nusu mahali hapo. Fundi anafungua jedwali la sensa ya hewa, anatafuta volti zilizosomwa wakati ule, anazidisha thamani yake kwa 1.075, anaiandika upya programu na kupiga tena. Anarekebisha mahali panapokosea tu, mpaka kinachoagizwa na kinachosomwa vilingane kwenye mstari mzima. Sensa ikiwa imefika mwisho wa volti, jedwali halisaidii, inabidi sensa kubwa zaidi. Na kama mstari unapanda huku volti za sensa ziko sawa, usiguse programu. Pima presha ya mafuta, kwa sababu huenda ni pampu iliyochoka au chujio lililoziba.

Hapa ndipo farasi zinapoweza kumpotosha mtu. Kwenye mpigo wa sekunde kumi hivi, mchanganyiko wa 12.6 unaweza kabisa kutoa farasi chache zaidi kuliko 11.8. Anayefukuza namba atauacha. Lakini mafuta ya ziada katika injini ya supachaja yana kazi nyingine: yanapogeuka mvuke hunyonya joto na kuituliza silinda isigonge. Injini iliyostahimili sekunde kumi kwenye rola haijathibitisha kwamba itastahimili mlima wa dakika tano ikiwa na mzigo nyuma. Pikapu ni gari la mzigo, na mimi ningeziacha farasi hizo chache bila kujiuliza mara mbili.

Mafuta yakishakaa sawa ndipo taimingi ya moto inaguswa, digrii moja moja. Nguvu ikiacha kuongezeka, fundi anarudi nyuma digrii mbili. Petroli yenyewe iandikwe kwenye karatasi. Oktani 93 ya pampu za Marekani ni wastani wa vipimo viwili, haifanani na 93 ya kipimo cha RON kinachotumika Ulaya na Afrika Mashariki; kwa RON hiyo ni 97 au 98. Anayepakua programu iliyotungwa kwa 93 ya Marekani akajaza petroli ya RON 93 ameipa injini moto wa mapema kupita uwezo wa mafuta yake.

Kuna pia marekebisho ya hali ya hewa, ambayo mteja haambiwi mara nyingi. Kiwango cha SAE J1349 huigeuza namba iwe kana kwamba gari limepimwa kwenye nyuzi 25 na presha ya kilopaskali 99. Kiwango cha zamani, kinachoandikwa STD, hutumia hewa baridi na nzito zaidi, na huinua namba kwa karibu asilimia 4 bila fundi kugusa chochote. Kwenye miinuko marekebisho hayo ni makubwa zaidi. Kwa presha ya kilopaskali 82, ambayo msomaji wa Nairobi anaishi nayo, fomula ya SAE inaongeza karibu robo nzima. Kwa injini ya turbo inayojirekebishia presha, robo hiyo ni zawadi isiyostahili, kwa sababu turbo imeshafidia sehemu ya upungufu wa hewa.

Wenye dizeli wasihamishe somo la mafuta kama lilivyo. Katika dizeli mafuta zaidi ndiyo nguvu zaidi na ndiyo joto zaidi, na eksozi inayopita nyuzi 700 kwa muda mrefu inakula turbo na pistoni. Kinachopoza injini ya petroli ndicho kinachochoma ya dizeli.

Kwa hiyo ukilipia kipimo, dai karatasi yenye farasi zisizorekebishwa na zilizorekebishwa, aina ya marekebisho, joto la hewa inayoingia, na mstari wa hewa na mafuta kuanzia mwanzo hadi mwisho wa mpigo. Dai pia mipigo mitatu mfululizo, ili uone nguvu inashuka kiasi gani injini ikipata joto. Karakana ikikupa farasi peke yake, usiendeshe gari hilo kwa pedeli ya mwisho mpaka mstari wa mafuta upimwe.