Siti binti Saad hakungoja woga umtoke

Mawaidha ya kujiunda upya yamejaa kila mahali siku hizi. Ukifungua redio asubuhi, ukihudhuria semina ya wafanyakazi hotelini, hata ukienda kanisani Jumapili, utaambiwa: acha woga, fuata kipaji chako, uwe mtu mpya. Mifano inayotolewa aghalabu ni ya matajiri wa Marekani walioacha chuo wakaanzisha kampuni gerejini. Sina ugomvi na watoa nasaha hao. Nao wanatafuta riziki. Ila nadhani wanauelewa woga visivyo, na ushahidi wangu ni kitabu chembamba ambacho wanafunzi wa fasihi hukitaja zaidi ya wanavyokisoma: Wasifu wa Siti binti Saad, cha Shaaban Robert.

Siti alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, karibu na mwaka wa 1880. Wazazi wake walikuwa na asili ya bara, baba Unyamwezi na mama Uzigua, watu wa nasaba iliyopitia utumwa. Mamake alikuwa mfinyanzi, naye binti akawa mchuuzi wa vyungu, akitembea masafa marefu na kunadi bidhaa yake kwa sauti. Mwaka wa 1911 akahamia mjini. Huko akakutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa Nadi Ikhwan Safaa, chama cha taarab kilichoasisiwa 1905, ambaye alimfunza kuimba. Mnamo 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri na kampuni ya His Master's Voice. Aliaga dunia 1950.

Hebu tupige hesabu. Alipoingia mjini alikuwa na umri wa kama miaka 30. Alipoingia studio alikuwa anakaribia 50. Wanafunzi wangu hudhani kwamba ukifika 25 bila kujulikana, basi gari moshi limeshakuacha stesheni.

Kabla ya kuitwa Siti, mwanamke huyu aliitwa Mtumwa. Kwa sisi wa taaluma ya lugha, hapa pana utamu. Mtumwa ni nomino iliyotokana na kitenzi 'tuma' katika kauli ya kutendwa. Ni mtu ambaye wengine humtuma, asiyeanzisha tendo. Siti ni neno lililotoka kwenye Kiarabu, nalo lina maana ya bibi, mwanamke wa heshima. Amri ya kuondoa hadhi ya utumwa kisheria Zanzibar ilitolewa 1897, lakini majina hayafutwi kwa amri. Halafu ona kejeli ya historia: jina la kampuni iliyomrekodi kwa Kiswahili ni 'Sauti ya Bwana Wake', na nembo yake ni mbwa aliyeinamia santuri akimsikiliza huyo bwana. Mwanamke aliyezaliwa akaitwa Mtumwa akaingia katika sahani yenye nembo hiyo, na sauti inayosikika humo ni yake mwenyewe.

Sasa, aliogopa nini? Watoa nasaha hutuambia kwamba woga ni kivuli kinachoishi kichwani, ukiwasha taa kinatoweka. Kwa Siti haikuwa hivyo hata kidogo. Katika Unguja ya wakati ule, mwanamke aliyetaka kuhesabiwa kuwa na heshima hakuimba hadharani mbele ya wanaume. Chama cha taarab kilikuwa cha wanaume. Taarab yenyewe, tangu ilipopata makao katika kasri la Sultan Barghash, ilikuwa starehe ya wakubwa na iliimbwa kwa Kiarabu. Juu ya yote hayo, watu walimtungia shairi la kumkebehi, wakamkumbusha kwamba aliingia mjini akiwa amevaa kaniki, vazi la mafukara, na kwamba lau si sauti yake asingekuwa na cha kutia mdomoni. Woga wa namna hii una watu, una midomo, una hata vina na mizani. Kumwambia mtu wa hali hiyo 'jiamini tu' ni kumdhihaki mara ya pili.

Katika masimulizi yote ninayoyajua kumhusu, sijaona siku ambayo woga ulimtoka Siti ndipo akaimba. Ninachokiona ni mafunzo. Alikaa chini ya mwalimu, mtu mzima aliyekwisha kuyaona maisha, akajifunza kama mtoto. Ninawaona pia wenzake: Subeti bin Ambari, Buda, Mbaruku, Maalim Shaaban na wengine, kikundi kilichopiga ala nyuma yake na kwenda naye. Mwanamke peke yake mbele ya hadhira inayomcheka ni mnyonge. Mwanamke mwenye kikundi kinachojua kazi yake ni jambo jingine. Na shairi lile la kebehi alilijibu kwa wimbo. Hakukana kaniki. Hakudai kwamba ana sura nzuri au ukoo mkubwa. Aliyaacha mambo hayo mawili kwa wenye nayo, akasema kipimo cha mtu ni akili.

Shaaban Robert alikutana naye muda mfupi kabla ya kifo chake, na wasifu ukachapishwa kwanza katika jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka wa 1958. Ni rahisi kuona kilichomvuta. Naye alikuwa mtu wa kazi nyingine, karani katika ofisi za serikali ya kikoloni, akitunga na kuandika kando ya mshahara. Anamwandikia Siti kwa heshima ambayo wanawake wachache wa tabaka lile waliwahi kuandikiwa kwa Kiswahili kabla ya hapo. Kwa hilo pekee tunamshukuru.

Lakini mhakiki hapaswi kuishia kwenye shukrani. Shaaban Robert ni mwalimu wa maadili kabla ya kuwa mwandishi wa maisha ya watu, na katika kitabu hiki maadili hushika usukani mara nyingi mno. Kila tukio linageuka funzo kabla hatujalitazama vizuri. Tabia njema ya Siti, subira yake, unyenyekevu wake, vyote vinapewa nafasi pana. Kazi yake ya usanii, yaani jinsi wimbo ulivyojengwa, ulivyofanyiwa mazoezi, ulivyobadilishwa kulingana na hadhira, haipewi nafasi inayolingana na uzito wake. Matokeo yake ni kwamba msomaji anaweza kufunga kitabu akiamini Siti alifaulu kwa sababu alikuwa mtu mwema. Wema ni jambo zuri, ila Unguja ilikuwa na wachuuzi wengi wema ambao hatuwajui kwa majina.

Ukitaka kumpata Siti mwenyewe, nenda kwenye wimbo wa Kijiti. Wimbo huu unatokana na kisa cha kweli cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Mtuhumiwa alitoroka, na wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi wakajikuta wao ndio wenye kuadhibiwa mahakamani. Siti akaliimba jambo hilo, jina la mtu likiwa wazi. Mwimbaji yule yule aliyealikwa kwenye majumba ya wakubwa aliigeuza taarab, sanaa ya kasri, ikawa malalamiko dhidi ya mahakama. Aliimba kwa Kiswahili cha watu wa mitaa ya makuti, walioijua kesi ile kuliko hakimu. Mtaalamu wa historia Laura Fair ameziandikia nyimbo hizi kwa kina katika kitabu chake Pastimes and Politics cha 2001, na ukimsoma baada ya Shaaban Robert ni kama umetoka sebuleni ukaingia uani kunakopikwa.

Kuchagua Kiswahili ndicho kitendo kikubwa zaidi cha ujasiri katika maisha ya Siti, na ndicho kinachosahaulika. Hakukataa Kiarabu, alijifunza kuimba kwa Kiarabu pia, maana bila hicho wakubwa wasingemsikiliza. Ila sauti iliyokuwa ikinadi vyungu ilinadi kwa Kiswahili, na hiyo ndiyo aliyoingia nayo Bombay. Kwa hiyo neno 'upya' katika 'kujiunda upya' linahitaji tahadhari. Mchuuzi hakufa ndipo mwimbaji akazaliwa. Mapafu ni yale yale.

Nayasema haya nikiwafikiria waandishi chipukizi wa huku kwetu Kenya, hususan wa bara. Woga wao nao si kivuli. Mtoto wa Kitui au Bomet akifungua mdomo kusema Kiswahili Mombasa, atachekwa; akiandika, atachekwa na mwalimu kwa kalamu nyekundu. Tumejenga taaluma nzima ya kuchekana ngeli. Marehemu Ken Walibora, mzaliwa wa magharibi ya nchi, alitoa Siku Njema mwaka wa 1996, na ona alikoanzia: Tanga, kwa kijana Kongowea ambaye mamake, Zainabu Makame, ni mwimbaji wa taarab. Mtu wa bara aliingia moja kwa moja kwenye uwanja ambao angechekwa zaidi. Sidhani ni sadfa kwamba alimfanya mama huyo kuwa msanii wa taarab, ingawa hilo linahitaji makala yake.

Kuna mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu mwenye hadithi nzuri ajabu kuhusu watu wanaochimba mchanga mtoni kwao. Alikuwa akiiandika kwa Kiingereza kisichomtosha. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu, "Prof, Waswahili watanicheka." Sikumwambia asiogope. Nilimpa wasifu wa Siti asome, nikamwambia awatafute wenzake wanne wa kusomeana kila Ijumaa, kisha aniletee sura ya kwanza kwa Kiswahili anachokisema na mamake sokoni. Imenifikia wiki jana. Ina makosa 11 ya upatanisho wa kisarufi, nimeyahesabu, na ina mama mmoja anayebeba mchanga kwa karai huku akibishana bei na dereva wa lori, ambaye sijapata kukutana naye katika riwaya yoyote ya Kiswahili. Makosa hayo tutayashughulikia Ijumaa, sote sita mezani.