Maneno ya Haki Jinai katika Kitabu cha Chris Maina Peter

Kitabu cha Profesa Chris Maina Peter, Human Rights in Tanzania: Selected Cases and Materials, kilitoka Köln mwaka 1997, na wanasheria wamekitumia tangu hapo. Sisi wa taaluma ya lugha, kwa kadiri nionavyo, tumekipita kama msafiri apitavyo mji asiokuwa na jamaa. Nataka kuonyesha hapa kwamba jamaa tunao humo, hasa katika mashauri yamhusuyo mtu aliyeshtakiwa kwa jinai.

Sifa ya kitabu haina ubishi. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, walakini hazikuweza kutumika mahakamani kutangua sheria mpaka Machi 1988. Basi hukumu nyingi alizozikusanya mtungaji zatoka katika miaka ile ya mwanzo, majaji walipokuwa wakipima mzigo mpya wasioujua uzito wake. Kuziweka pamoja kulitaka uvumilivu, na uvumilivu huo umetufaa sote.

Lawama yangu ni moja. Kitabu ni cha Kiingereza, nacho chaeleza haki zilizoandikwa kwa Kiswahili. Yamkini nitajibiwa kwamba hukumu zenyewe ni za Kiingereza, na kwamba ilikuwa mwaka 2021 tu ndipo sheria ilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Ni kweli, mkusanyaji hawezi kubebeshwa lugha ya majaji. Lakini katika mashauri ya namna hii neno moja laweza kumweka mtu ndani au kumtoa, na maadamu ni hivyo, yatupasa kulitazama neno lenyewe kabla ya kivuli chake.

Tuchukue ibara ya 13(6)(b). Katiba nyingine, kama ile ya Kenya ya mwaka 2010, husema kwamba mshtakiwa ana haki ya kudhaniwa hana hatia. Ya Tanzania haisemi juu ya kudhani. Yakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla hatia haijathibitika. Tofauti si ndogo. Dhana hukaa moyoni, wala hapana awezaye kuikagua. Kutenda kwaonekana: kwa pingu, kwa kipigo, kwa kichwa cha habari gazetini kimwitacho jambazi mtu aliyekamatwa jana. Tena kitenzi ki katika hali ya kutendewa, na mtenda hakutajwa. Ni nani basi aliyekatazwa? Sarufi yajibu kwamba ni kila mtu, askari na hakimu na mwandishi wa habari. Sidai kwamba sarufi ni sheria. Nadai kwamba wakili angeweza kuanza hapo.

Shauri lililo muhimu kuliko yote kwa hoja yangu ni la Mkurugenzi wa Mashtaka na Daudi Pete. Kifungu cha 148(5)(e) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 kilizuia dhamana kwa shtaka la namna yake. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alikikataa kifungu hicho, na Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, ilikubali mwaka 1991 kwamba kinapingana na Katiba. Hoja mojawapo ilisimama juu ya ibara ya 15(2): mtu hanyang'anywi uhuru ila kwa kufuata utaratibu uliowekwa na sheria, na kifungu kile, kwa maoni ya mahakama, hakikuweka utaratibu wowote.

Hapo mwanaisimu hana budi kusimama. Utaratibu watokana na taratibu, neno tulilolipata kwa Waarabu, ambalo asili yake ni kupanga vitu kimoja baada ya kimoja. Kwetu limeongeza maana ya upole na kutokwenda mbio, mama humwambia mtoto aliyebeba maji, “taratibu.” Neno la Kiingereza lililotumika katika hukumu laweza kutosheka na amri yoyote iliyopitishwa na Bunge. Utaratibu hautosheki hivyo. Wataka hatua: kusikiliza, kupima, kisha kuamua. Katazo limfungalo kila mshtakiwa wa kosa fulani bila ya kumtazama usoni ni sheria, naam, lakini Mswahili hawezi kuliita utaratibu.

Mambo hayakuishia 1991. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliona kwamba kifungu cha 148(5), kinachotaja makosa yasiyo na dhamana, mauaji na uhaini yakiwamo, chavunja Katiba. Mwezi Agosti mwaka uo huo, katika shauri la Dickson Sanga, Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Mwanasheria atapima sababu zake. Mimi nasikitika tu kwamba mjadala mzito namna hii umepita bila ya sisi wa lugha kuitwa, wala sisi wenyewe hatukubisha hodi.

Kuna na neno mahabusu. Katika Kiarabu asili yake yamhusu mfungwa yeyote. Waswahili wakalichukua na kulitenga: mfungwa ni aliyehukumiwa, mahabusu ni angojaye. Hivyo msemaji wa kawaida, asiyewahi kuiona Katiba, hushika kwa maneno mawili tofauti ile ile ambayo majaji wameitetea kwa kurasa nyingi. Mwenye kulala chumba kimoja na mfungwa kwa miaka, akila chakula kile kile, atauliza tofauti hiyo imebaki wapi nje ya kamusi.

Kikipigwa chapa upya kitabu hiki, namwomba mtungaji aweke maneno ya Kiswahili ya ibara ya 13 na ya 15 mbele ya hukumu ya 1991, na hukumu ya 2020 ifuate baada yake, ili msomaji aweze kuzisoma zote mbili huku macho yake yakirejea kwenye neno utaratibu.